Kasoro imerekebishwa, lakini simu yako imepata?

Pale Segera, njia ya Tanga inapoachana na ya Moshi, muuzaji wa barabarani analipwa kwa simu. Kama ni ya Android, ndani yake kuna Linux.

Septemba 2021, Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alitaka kila onyo la kompaila, programu inayogeuza kodi kuwa lugha ya mashine, lihesabiwe kosa. Malalamiko yakaja, akalegeza. Ila hoja yake ina uzito: maonyo yakizoeleka, kosa la kweli linajificha humo humo.

Kwenye kiendeshi cha video hatari ni kubwa, maana kinagusa kumbukumbu ya simu. Julai na Agosti 2022, kampuni ya Arm ilirekebisha kasoro tano za viendeshi vya chipu zake za Mali. Novemba, watafiti wa Google wakasema simu kadhaa, hata Pixel za Google yenyewe, hazijapata marekebisho.

Tatizo liko hapo. Kodi inasafishwa, halafu marekebisho yanakwama kwa mtengenezaji wa simu.

Ukinunua simu, usiulize kamera tu. Uliza itapata masasisho ya usalama mpaka lini. Uliyonayo je? Ingia kwenye Mipangilio, uone tarehe ya sasisho la mwisho.