Daftari la Wiki: Wadi Shab na Waliobaki Mwambani

Mashua ya kuvukia Wadi Shab, bonde la Oman, ni rial moja, kwenda na kurudi. Wapo waliogombana na mvushaji kwa ajili ya rial hiyo. Watu wametoka Maskati, zaidi ya kilomita mia moja, mafuta wamelipia, vyakula wamejaza gari, kisha wanamfokea mzee anayeshinda juani kuwavusha wao. Nilikasirika, na bado nimekasirika.

*

Anayepanda bonde na spika begani, muziki ukivuma majabalini kote, anawanyang'anya wenziwe sauti ya maji waliyoifuata.

*

Njia ya kupandia inafuatana na falaji, mfereji mwembamba unaopeleka maji kwenye mitende na migomba. Oman ina falaji zipatazo 3,000 zinazofanya kazi hadi leo, na mwaka 2006 UNESCO iliziingiza tano katika orodha ya urithi wa dunia. Wengi katika kundi letu waliuruka mfereji bila kuutazama, wakiyawahi maporomoko. Mimi nilisimama. Maji ya falaji huanza na watu: ya kunywa huchotwa juu, yakiwa bado safi, kisha hupita penye kutawadhia na kuogea, ndipo yafike mashambani. Kila mwenye shamba ana zamu, na zamu hupimwa kwa muda. Zamani kwa kivuli cha jua mchana, na nyota usiku. Wachagga wa Kilimanjaro wanaijua kazi hii kwa mifongo, mifereji yao, na wanajua pia kwamba mfereji usiosafishwa na wote hufa. Nimeandika hapa mara nyingi juu ya mabomba ya vijijini yanayozinduliwa kwa ngoma na kukauka kimya kimya. Nitaendelea kuandika mpaka kila bomba liwe na watu wake wanaokutana, wanaochanga na wanaojua nani ana zamu.

*

Mchoma mishkaki mmoja wa Maskati alimwacha rafiki yangu ahangaike na Kiarabu chake, halafu akamwambia kwa Kiswahili: "Sema tu ndugu yangu, pilipili nikuwekee?"

*

Ukiipita Tiwi na kufuata pwani kuelekea Sur, unakutana na magofu ya Qalhat na kaburi la Bibi Maryam. Ibn Battuta, msafiri aliyekuwa Kilwa mwaka 1331, aliteremka chomboni Sur, akauona mji wa Qalhat kwa mbali, akadhani ni karibu. Akaenda kwa miguu na mwenzake, kwa kiu, wakiongozwa na mtu aliyetaka kuwaibia nguo zao, na akafika miguu imevimba hata kusimama hawezi. Karne karibu saba zimepita, na katika kila kundi la wapanda majabali bado yupo anayesema "ni hapo tu". Nampenda Ibn Battuta kwa kuwa maumivu ya miguu yake aliyaandika pamoja na misikiti na masultani.

*

Sasa la moyoni. Maporomoko ya Wadi Shab hayafikiwi kwa miguu peke yake. Njia inapokwisha unaacha viatu mwambani, unaingia majini, unaogelea kutoka dimbwi hadi dimbwi, halafu unajipenyeza katika ufa mwembamba, kichwa tu kikiwa juu ya maji, ndipo utokee pangoni ambamo maji yanaporomoka kwa kishindo. Kundi letu, karibu wote wazaliwa wa Unguja na Pemba, liligawanyika pale pale. Wanaume tuliingia. Wanawake, isipokuwa mmoja aliyejifunza ukubwani huko Dubai, walibaki juu ya jiwe wakitushikia simu.

Mmoja wa waliobaki amezaliwa mtaa mmoja na mimi, Malindi ya Unguja. Anaijua kaskazi na kusi, anajua bamvua na maji mafu, na kwa kupara samaki hana mpinzani. Bahari ameiona kila siku ya utoto wake. Lakini mimi nilipokuwa nikitupwa majini na kaka zangu kutoka ukuta wa Forodhani mpaka nikajua kuelea, yeye aliambiwa arudi nyumbani, pale si mahali pa mtoto wa kike. Sasa ana wajukuu, amevuka bahari nzima kwa ndege, na ameishia hatua chache kabla ya kile alichokifuata. Hakulalamika. Nalalamika kwa niaba yake.

Wala asiniambie mtu kuwa haya ni mambo ya watalii. Tarehe 10 Septemba 2011 MV Spice Islander ilizama ikielekea Pemba. Julai 2012 ikafuata MV Skagit, karibu na Chumbe. Mitaa yetu bado inayataja majina ya waliokwenda. Kuogelea hakumwokoi kila aliye mkondoni usiku, na lawama ya kujaza vyombo kupita kiasi haiondoki. Lakini anayeweza kuelea ana dakika ambazo mwenziwe hana, na mwokoaji huja kwa dakika hizo.

Njia ipo. Kule Nungwi mradi wa Panje umewafundisha wasichana kuogelea, wakiwa na nguo za kusitiri mwili mzima na wakufunzi wa kike. Picha zao, zilizopigwa na Anna Boyiazis, zilipata tuzo ya World Press Photo mwaka 2018. Walimwengu wameziona, kamati zetu za shule je? Anayeleta hoja ya dini akumbuke kauli mashuhuri inayonasibishwa na Sayyidna Umar, ya kuwafundisha watoto kuogelea. Watoto, si wavulana peke yao. Nataka kila shule iliyo karibu na pwani iwe na somo hili, wasichana kwa saa zao na walimu wao. Bwawa la kujenga halihitajiki. Bahari tunayo.

*

Aprili 2024 mafuriko yaliua watu Oman, wakiwemo wanafunzi waliosombwa ndani ya gari huko Samad al-Shan. Mvua hunyesha mlimani huku bondeni jua linawaka, na maji yakishafika hayasubiri mtu avae viatu. Ikitolewa tahadhari ya mvua, ahirisheni safari. Marafiki watanuna. Wacha wanune.

*

Chupa za plastiki nilizoziona zikielea kwenye maji ya kijani ya Wadi Shab hazikuja na mvua. Aliyeibeba imejaa ameshindwaje kuirudisha tupu?

*

Halua ya Maskati nimeila, tena ya moto, ina zafarani na harufu ya waridi, na nawashukuru walionikirimu. Ya Pemba bado ni bora. Wenye hoja nyingine waje nayo barazani, na kahawa iwe tayari.