BWANA SHAMBA ANASEMA: Bajaji ya Umeme na Mlima Wetu

Mwezi huu tuzungumze juu ya bajaji ya umeme. Mimi ninayo moja. Hushusha ndizi kutoka Marangu hadi Moshi mjini, na hupanda na mbolea.

Bajaji hii haitumii petroli, oili ya injini wala plagi. Ina mota na betri. Lakini breki na matairi huchakaa kama ya bajaji nyingine. Yakague kila wiki.

Kushuka mlima hutumia chaji kidogo. Kupanda na mzigo hutumia chaji nyingi. Siku moja nilipanda na mbolea bila kutazama geji ya betri. Baada ya kupita Himo, chaji ikaisha. Vijana walinisukuma hadi kwenye nyumba yenye umeme. Nilingoja pale mpaka jioni. Basi, pima chaji yako kwa safari ya kupanda.

Jambo la pili ni hesabu. Soma mita ya LUKU kabla ya kuchaji na baada ya kuchaji. Kama ilikuwa uniti 40 na sasa ni 34, umetumia uniti 6. Zidisha kwa bei ya uniti moja. Andika katika daftari.

Utaona umeme ni rahisi kuliko petroli. Lakini usile fedha yote iliyobaki. Betri huzeeka, na betri mpya ni ghali. Kila wiki weka fungu la betri. Usipoweka, siku moja bajaji itasimama na ndizi zitaoza shambani.

Ndizi huoza. Akiba haiozi.