TAA YA NYUMA SI DENI LA DEREVA



Imeingia desturi mbaya katika nchi yetu ya chai, kutoka Kericho mpaka Litein, na kutoka Kaplong mpaka Silibwet na Mogogosiek. Desturi yenyewe ni ya kumlipisha dereva wa tuktuk balbu ya taa ya nyuma. Balbu ikiungua, mwenye gari husema, "Hicho ni kitu kidogo, nunua mwenyewe utie." Mwingine hasemi neno lo lote, lakini mwisho wa mwezi dereva huona mshahara wake umepungua. Na kama akichelewa kwa ajili ya kuibadilisha hiyo balbu, huambiwa ni mvivu. Chama chasema desturi hii ikome, na sababu zetu twazitoa hapa ili kila mwanachama aweze kuzisema mbele ya tajiri wake bila kubabaika.

Kwanza na tuseme juu ya kazi yenyewe, kwa kuwa wengi wanaotoa amri hizi hawajapata kutia mkono wao mahali penyewe.

Balbu hii ni ndogo, yapata ukubwa wa kidole gumba. Ndani yake mna nyuzi mbili. Mmoja ni wa wati 5, nao huwaka muda wote wa usiku kuonyesha kwamba gari lipo. Wa pili ni wa wati 21, nao huwaka dereva anapokanyaga breki. Kuitoa si kazi: unaisukuma ndani, unaizungusha kidogo, inatoka. Ni dakika moja tu, kama mkono umeifikia.

Hapo ndipo penye taabu. Ziko tuktuk za abiria ambazo kifuniko chekundu cha taa hushikwa na skrubu mbili kwa nje. Hizo hatuna ugomvi nazo. Lakini tuktuk ya mzigo ni shauri jingine. Taa imefungwa chini ya sanduku la mzigo, na mlango wa balbu uko nyuma yake, upande usioonekana. Tena mwenye gari, akiona taa zake zinavunjwa na mawe na visiki vya njia za shambani, huipeleka tuktuk kwa fundi wa kuchomelea vyuma atie bamba la kuikinga. Fundi huikinga taa vizuri sana, wala hafikirii ya kuwa ndani ya taa mna balbu, na kwamba siku moja balbu itaungua. Baada ya hapo vidole vya mtu mzima haviingii. Labda wanataka tuwatume watoto wetu.

Basi dereva afanyeje? Hana budi kuteremsha magunia, alale chali matopeni, alegeze bolti zilizoshikwa na kutu kwa mvua za huku kwetu, tochi ya simu ameiuma kwa meno, na aivute holda kwa kupapasa. Kama injini iko karibu na hapo lazima angoje kwanza ipoe, au achomwe na bomba la moshi. Bolti ikikatika, hilo ni deni jingine. Na huyu dereva, kama analipwa kwa safari, safari moja au mbili zimekwisha kumpita. Mchuma chai alipwaye kwa kilo anajua vizuri maana ya nusu saa iliyopotea.

Hata baada ya kuifikia, kazi haijaisha. Vile vijipini viwili vya pembeni ya balbu havilingani. Kimoja kiko juu kidogo kuliko chenzake. Vimefanywa hivyo kusudi ili balbu iingie kwa njia moja tu. Mtu anayepapasa gizani akiilazimisha kuingia kinyume, uzi wa wati 21 ndio utakaowaka muda wote, na akikanyaga breki utaongezeka ule mdogo wa wati 5 tu, hata dereva wa nyuma asione tofauti. Tena holda nyingi zimeingiwa na maji zikashika kutu, na waya wa athi umelegea kwenye bodi. Balbu mpya ikitiwa humo huwaka na kuzimika kila gari linaporuka shimo, na dereva huambiwa, "Umeiharibu tena." Hakuiharibu yeye. Kuchunguza holda, athi na waya ni kazi ya fundi, na fundi hulipwa.

Sasa yuko mtu atakayesema kwamba chama kimekosa kazi ya kufanya, kinaandika karatasi nzima juu ya balbu. Tumjibu huyo kwa hesabu. Tuktuk yenye mzigo inapanda mlima kwa mwendo wa kilometa 20 kwa saa. Lori linakuja nyuma yake kwa mwendo wa kilometa 60, na huo si mwendo wa kasi sana. Tofauti yao ni kilometa 40 kwa saa, yaani yapata meta 11 kila sekunde. Katika ukungu, kitu kisicho na taa chaweza kuonekana kikiwa meta 30 tu. Hesabu mwenyewe: hazifiki sekunde tatu. Katika muda huo dereva wa lori aone, afahamu, akanyage breki, na lori zito lisimame juu ya lami iliyolowa.

Na huku kwetu ukungu si jambo la mwaka mara moja. Mvua ya mchana na ukungu wa jioni ndivyo vinavyoipa chai yetu sifa yake ulimwenguni. Matajiri wauzao chai hujisifu kwa ukungu huo huo. Basi na waununulie balbu.

Liko jambo jingine ambalo wengi hawalifikiri. Tuktuk ina taa mbili nyuma, na watu hudhani ya kuwa moja ikizimika, iliyobaki yatosha. Haitoshi. Usiku taa moja nyekundu barabarani maana yake ni pikipiki. Katika Kenya twaendesha upande wa kushoto, na anayepita mwenzake hupita kwa kulia. Kama taa ya kulia imekufa na ya kushoto ndiyo inayowaka, dereva wa lori huona bodaboda iliyojibana kando, naye hupita karibu karibu, kumbe upande wa kulia kuna bodi nzima ya tuktuk gizani, na pengine watu wametundika miguu nje. Taa moja ya namna hiyo inadanganya, na pengine ni hatari kupita kutokuwa na taa kabisa.

Tumezika watu wengi katika barabara hizi. Tarehe 30 Juni 2023, pale Londiani Junction, lori moja liliacha njia likaua watu zaidi ya 50, wafanyi biashara wa kando ya barabara na abiria. Ajali ile haikutokana na taa ya nyuma, nasi hatutaki kuwatumia marehemu wale kwa uongo. Twaitaja kwa kuwa mtu wa Kericho haambiwi na mtu wa mbali malori ni nini.

Sasa tuje kwenye sheria. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kifungu cha 55, yasema gari lisitumike barabarani isipokuwa gari hilo na vifaa vyake vyote, na taa zimetajwa kwa jina, vimetimiza masharti na vinatunzwa katika hali isiyohatarisha watu wengine. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yaeleza ni pesa gani tajiri aweza kukata katika mshahara. Kwa mali iliyoharibika, aweza kukata kiasi cha haki ikiwa uharibifu ulitokana na kosa la mfanyikazi alilolifanya kwa makusudi. Someni neno hilo mara mbili: kwa makusudi. Je, uzi wa balbu hukatika kwa makusudi ya dereva? Hukatika kwa sababu umewaka saa nyingi, na kwa sababu tuktuk inatetemeka kutoka asubuhi hata usiku juu ya njia za mawe ambazo si dereva aliyezitengeneza. Balbu huchakaa kama matairi yachakaavyo na kama mafuta yaishavyo.

Tena iko Sheria ya Usalama na Afya Kazini, ya mwaka huo huo wa 2007. Hiyo yamtwika mwajiri kazi ya kuhakikisha usalama wa wafanyikazi wake pamoja na vyombo wanavyofanyia kazi. Katika kifungu cha 14, mfanyikazi naye ametakiwa amwarifu msimamizi wake akiona hatari asiyoweza kuiondoa mwenyewe. Basi dereva anayesema jioni, "Taa ya nyuma imekufa nami siwezi kuifikia," anatimiza sheria, na msimamizi anayemjibu, "Nenda hivyo hivyo, utaitengeneza kesho," ndiye anayeivunja.

Matajiri wana majibu matatu, nayo twayajua. La kwanza ni kwamba balbu ni bei ndogo. Kama ni ndogo, mbona hawailipi? La pili ni kwamba anayeitumia taa ni dereva. Hilo si kweli hata kidogo: dereva ameketi mbele na taa iko nyuma, wala haimwangazii yeye kitu. Anayeitumia ni yule ajaye nyuma, na anayepata faida yake ni mwenye gari ambaye gari lake halikugongwa.

Jibu la tatu lina nguvu kidogo, na lafaa kujibiwa vizuri. Husema, "Huyu si mfanyikazi wangu. Amechukua tuktuk yangu kwa hesabu ya siku, kinachozidi ni chake." Ni kweli wako wengi wa namna hiyo, hasa pale Kericho mjini, Litein na Bomet, na kifungu cha 19 tulichokitaja ni cha mtu wa mshahara. Lakini sheria ya barabara haikuuliza habari za mshahara. Yasema gari lisilo salama lisitumike. Mwenye gari anayepokea hesabu kila jioni anakodisha gari, na akodishaye gari bovu ameuza kitu asichokuwa nacho. Mwenye nyumba akikupangisha chumba, je, hukulipisha mabati ya paa yakitoboka?

Hawa wa hesabu ndio wanaoumia kupita wote. Akisimama kutengeneza, hesabu ya siku haipungui. Akiendelea gizani, askari wa trafiki anamngoja mbele, na wote twajua askari wa namna gani huomba chai. Tuko katika nchi ya chai, na chai iliyo ghali kupita zote ni hiyo ya kando ya barabara! Dereva akihesabu balbu, fundi, safari zilizompita na hiyo chai ya usiku, siku nzima amefanya kazi bure. Na hasemi, kwa kuwa anajua nyuma yake wako vijana kumi wanaoutaka usukani ule ule. Tangu mashine za kuchuma chai zilipoleta ugomvi hapa Kericho, hata nyingine zikachomwa moto mwezi wa Mei 2023, kila mtu ajua jinsi kazi ilivyo adimu. Tajiri naye ajua, na kwa ujuzi huo ndipo anapothubutu kudai shilingi za balbu.

Neno moja pia kwa wenzetu wenyewe. Wako madereva wanaofunga kitambaa chekundu au kubandika karatasi ya kung'aa badala ya taa, kisha wanajisifu kwa werevu. Karatasi ya kung'aa ni nzuri, ibandikeni, lakini hiyo hungoja kumulikwa na taa ya mwingine ndipo ionekane, na breki haiwezi kuionyesha. Kila dereva anayenyamaza na kufunga kitambaa humfundisha tajiri ya kwamba balbu haihitajiki.

Tunayotaka ni haya. Kwa madereva wa mashamba na wa makandarasi wabebao majani mabichi, kuni na mbolea: balbu za akiba ziwe stoo, abadilishaye awe fundi, na kama ni dereva, muda wake uhesabiwe kuwa kazi. Bamba lo lote lililochomelewa nyuma ya taa likatwe tundu la kutosha kupitisha mkono. Hilo ni jambo la saa moja kwa fundi yule yule aliyelitia, na baada ya hapo ugomvi huu wote utapungua nusu. Taa zijaribiwe kabla gari halijatoka, mtu mmoja akanyage breki na mwingine asimame nyuma aone. Kwa watu wa hesabu: siku ya matengenezo hesabu ipunguzwe kwa saa zilizopotea, na mapatano yaandikwe.

Mwanachama ye yote aliyekatwa pesa za balbu, kifuniko cha taa au bolti alete karatasi yake ya mshahara kwa katibu wa tawi. Asiyepewa karatasi hiyo naye aje, kwa maana kifungu cha 20 cha Sheria ya Ajira chamlazimisha mwajiri kuitoa ikiwa na kila makato yameandikwa. Madereva wa hesabu waje pia, hata wasio wanachama. Njooni na namba ya gari, tarehe mliyotoa habari kwa mwenye gari au kwa msimamizi, na kama bamba limeziba taa, pigeni picha kwa simu mtuletee.