Jino Lizibwe Mapema, Tena Likiwa Kavu

Mzee mmoja kijijini kwetu alizibwa jino. Siku ya nne kizibo kiling'oka alipokuwa akila mahindi ya kuchoma. Alikuja zahanati kwa hasira. Aliniambia, "Mwanangu, kiraka cha baiskeli yangu kina mwaka wa pili sasa. Hiki cha jino hakikumaliza wiki. Ng'oa." Tena anawaambia wenzake kwamba kuziba jino ni kupoteza nauli.

Mimi sikubaliani naye. Lakini mfano wake wa baiskeli ni mzuri sana.

Fundi wa baiskeli hapaki gundi juu ya mpira hivi hivi. Kwanza huukausha. Kisha huukwaruza kwa msasa. Ndipo hupaka gundi, hungoja kidogo, halafu hubandika kiraka. Mpira ukiwa na maji, kiraka hakishiki. Jino nalo ni hivyo hivyo.

Jino lina ganda la nje liitwalo enameli. Ganda hili ni gumu kuliko mfupa. Karibu lote ni madini, kama sehemu 96 katika 100. Mwaka 1955 mtaalam wa meno wa Marekani, Michael Buonocore, alionyesha jambo kubwa. Enameli ikipakwa tindikali kwa muda mfupi, ikaoshwa na kukaushwa, hupata vishimo vidogo visivyoonekana kwa macho. Gundi huingia katika vishimo hivyo na kushika kwa nguvu. Tindikali hiyo ndiyo msasa wa fundi. Lakini usijaribu nyumbani! Maji ya betri yataunguza kinywa chako.

Chini ya enameli kuna dentini. Hapo ndipo penye taabu. Dentini ina madini machache zaidi, ina nyuzi laini, na ina maji. Ina mirija midogo sana itokayo katikati ya jino, penye mishipa ya fahamu. Mirija hiyo huleta unyevu wakati wote. Dentini ikiwa na maji mengi, gundi haishiki vizuri. Ikikaushwa mno, nyuzi zake hulala na gundi haipenyi. Gundi za siku hizi ni bora kuliko za zamani. Hata hivyo, gundi hudumu zaidi kwenye enameli kuliko kwenye dentini.

Sasa tumtazame mzee wetu. Alikaa na tundu lake misimu miwili ya kilimo. Enameli ilivunjika pande zote, ikabaki dentini. Nilipomwuliza, alisema aliyemziba hakumwekea pamba mdomoni. Mate yalijaa tu. Basi kosa ni la pande mbili. Mzee alichelewa, na sisi watu wa afya tuliharakisha.

Wengine watasema kuziba meno ni mambo ya mjini penye umeme. Si kweli. Katikati ya miaka ya 1980, hapa hapa Tanzania, ilianzishwa njia ya kuziba jino kwa vifaa vya mkono tu. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani liliitangaza njia hiyo kwa nchi nyingine. Uozo laini huchokolewa kwa kijiko kidogo. Jino huzungushiwa pamba, hupanguswa, kisha huzibwa kwa saruji ya meno. Saruji hiyo ni unga wa kioo uliochanganywa na tindikali maalum. Yenyewe hushikana na madini ya jino, hata yale ya dentini. Lakini nayo haipendi mate. Na tundu dogo lililozibwa hudumu kuliko tundu kubwa.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiona doa jeusi lenye kishimo katika jino la mtoto, usingoje alie usiku. Mpeleke mapema panapotibiwa meno. Uliza kama jino laweza kuzibwa kabla hujakubali ling'olewe. Usipowekewa pamba, sema. Huo si utovu wa adabu. Ukishazibwa, usile kwa saa moja.

Mzee wetu haumwi usiku, na ufizi wake haujavimba. Huenda jino lake likazibika tena. Nimemwandikia barua ya kwenda hospitali ya wilaya. Ameikunja na kuitia mfukoni. Amesema atakwenda baada ya kuuza mahindi.