Kwani Hadithi ni Haramu?

Wanachama wenzangu na walimu wetu waheshimiwa, naomba niseme jambo ambalo limenikaa kooni kwa muda mrefu. Katika shule nyingi za huku kwetu Kisii na Nyamira, mwanafunzi akipatikana na riwaya wakati wa masomo ya jioni, riwaya hiyo hunyakuliwa utadhani ni bangi. Ati anapoteza wakati! Lakini akipatikana na mwongozo wa Nguu za Jadi, huyo ni mtu wa bidii, hata kama riwaya yenyewe hajawahi kuifungua.

Sisemi vitabu teule ni vibaya. La hasha! Nguu za Jadi ya Clara Momanyi naipenda, na Bembea ya Maisha ya Timothy Arege pia. Mchele ni mmoja, mapishi ndiyo mbalimbali. Muulize mtahiniwa yeyote habari za Mangwasha, atakumwagia sifa zake (a) mpaka (f), kila moja na mfano wake. Kisha muulize ni ukurasa gani uliomfanya akasirike, au acheke peke yake kama mwendawazimu. Atakutazama tu. Hilo haliko kwenye mwongozo. Na KCSE ya mwisho imepangiwa mwaka wa 2027. Hizo (a) mpaka (f) tutazipeleka wapi baadaye?

Sasa niwaeleze habari za kitabu ambacho hakuna mwalimu aliyenituma kukisoma. Mwaka wa 2021 Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Huyu bwana huandika kwa Kiingereza. Riwaya yake Paradise ilitoka mwaka wa 1994, tukangoja hadi 2022 ndipo Ida Hadjivayanis akatufasiria, ikaitwa Peponi. Miaka 28! Humo mna Yusuf, mtoto wa miaka 12, anayechukuliwa na tajiri Aziz, mtu aliyezoea kumhesabu kuwa jamaa yao. Kumbe si jamaa yao hata kidogo. Baba mtu ana deni, na mtoto ndiye malipo. Yusuf anakuja kuambiwa na kijana mwenzake huko dukani anakofanyishwa kazi.

Nilipofika hapo nilifunga kitabu kwanza. Nani kati yetu hajui msichana aliyetolewa kijijini akapelekwa Nairobi kwa "shangazi" kulea mtoto, na wazazi wakaahidiwa atasomeshwa? Tunamwona Desemba akija na nguo mpya, tunasema amebahatika. Tangu nisome Peponi siwezi tena kusema hivyo kwa urahisi. Wala hakukuwa na swali la "thibitisha" mbele yangu.

Wengine hulalamika kwamba vitabu vya pwani vina Kiswahili kigumu. Ni kweli, bwana. Nyumbani twasema Ekegusii, na Kiswahili cha sokoni Keroka au Daraja Mbili ni cha "ongeza kidogo mama". Nilipoanza Kuli ya Adam Shafi, inayosimulia makuli wa bandari ya Zanzibar na mgomo wao wa 1948, nilikuwa nikiruka maneno kama mtu anayeruka madimbwi. Aliyezaliwa kwenye majani chai atajulia wapi mambo ya tishari? Lakini kisa kilinivuta, na mbele kidogo maneno yakaanza kujieleza yenyewe.

Tena mtihani si lazima uue kitabu. Siku Njema ya marehemu Ken Walibora, iliyochapishwa mwaka wa 1996, ilitahiniwa pia. Hebu zungumza na wakubwa waliokisoma wakiwa shuleni. Dhamira na maudhui wamesahau zamani, lakini Kongowea anayetoka Tanga kumtafuta babake mpaka Kitale, huyo wanamkumbuka kama jirani.

Najua jibu la walimu. Mzazi amesubiri bonasi ya chai mwaka mzima ili alipe karo, hakumleta mtoto hapa kusoma hadithi. Neno hilo lina uzito na silidharau. Kwa kawaida sisi wapenzi wa riwaya hujitetea kwamba hadithi huongeza alama za insha. Huenda ni kweli, ila utetezi huo mimi siupendi. Mtu hali ndizi mbivu kwa ajili ya vitamini. Anaila kwa sababu ni tamu! Nyanya zetu walipotusimulia jikoni, nani aliuliza hadithi ile ina alama ngapi?

Kwa hivyo ombi langu ni dogo. Ijumaa jioni, kipindi kimoja tu, kila mtu asome kitabu akipendacho, bila kalamu, na mwalimu wa zamu asome chake pia. Kabati la riwaya litolewe kufuli. Daftari la kuazima tutaliandika sisi wanachama. Atakayepoteza kitabu atalipa, na anayekunja pembe za kurasa tutajuana naye. Kwa kuanzia ninayo Vuta N'kuvute ya huyo huyo Adam Shafi, nakala moja, haina jalada lakini kurasa zote zipo. Nani wa kwanza?