Mchoro Utangulie Herufi

Ni jambo la kawaida, katika madarasa ya awali ya Newala na Masasi kama kwingineko nchini, kumwona mtoto wa miaka mitano akipewa daftari na penseli, kisha akaamriwa kunakili herufi moja kutoka ubaoni mpaka ukurasa ujae. Akiiacha herufi hiyo na kuanza kuchora mbuzi, nyumba au mama yake aliyejitwika ndoo, huambiwa aache mchezo. Hukumu hiyo si ya haki. Kinachoitwa mchezo ndicho kinachouandaa mkono kuandika, na darasa linaloukataza hujinyima msingi wa somo lile lile linalotaka kulifundisha.

Sababu yake imo katika maumbile ya mkono wenyewe. Tangu kifundo hadi ncha za vidole, mkono wa mwanadamu una mifupa 27, na mifupa 8 kati ya hiyo ni ile midogo ya kifundo. Mtoto azaliwapo, hiyo 8 kwa kawaida ingali gegedu. Hugeuka kuwa mfupa mmoja baada ya mwingine kwa muda wa miaka mingi, na wa mwisho huweza kungoja hata mtoto apite umri wa miaka 8. Ndiyo maana daktari akitazama picha ya eksirei ya mkono wa mtoto huweza kukadiria umri wake. Aidha, misuli mikubwa inayokunja vidole imo katika kigasha, nayo huvivuta vidole kwa kano ndefu. Lakini mwendo mwembamba wa kalamu hutegemea sana misuli midogo iliyomo kiganjani, nayo hujifunza kazi polepole.

Ubongo nao umeupa mkono heshima kubwa. Mwaka 1937 Wilder Penfield na Edwin Boldrey, waliofanya kazi Montreal, Kanada, walitangaza matokeo ya kugusisha umeme hafifu juu ya ubongo wa wagonjwa waliokuwa wakipasuliwa kichwa. Ilionekana kwamba eneo la ubongo linaloamrisha mkono na vidole ni kubwa kuliko lile linaloamrisha kiwiliwili chote. Hata hivyo, eneo hilo halizaliwi na ujuzi. Hulazimika kufanya, kukosea, kutazama kosa na kusahihisha, mara nyingi mno.

Mchoro ndio unaompa mtoto nafasi ya kufanya hivyo. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu hukamata kipande cha mkaa kwa kiganja kizima na kukiendesha kwa nguvu za bega. Kadiri anavyokua, kazi hiyo hushuka kwenye kiwiko, kisha kwenye kifundo, mwishowe hukaa katika vidole vitatu: gumba, cha shahada na cha kati. Kwa kawaida mtoto huweza kunakili duara akiwa na miaka ipatayo 3, msalaba akikaribia 4, mraba kati ya 4 na 5, na pembetatu kati ya 5 na 6, ingawa watoto hutofautiana. Sasa na itazamwe herufi "k". Ina mistari miwili ya mshazari, yaani mistari ile ile inayoifanya pembetatu iwe ngumu kuliko mraba. Kumtaka mtoto aiandike vizuri kabla mkono wake haujaumudu mshazari ni sawa na kuudai mkorosho korosho kabla haujachanua.

Tena, kuna tofauti kati ya kuchora kwa uhuru na kupitisha kalamu juu ya nukta zilizopangwa na mwalimu. Mwaka 2012 watafiti Karin James na Laura Engelhardt wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, walichapisha uchunguzi juu ya watoto wa miaka mitano ambao walikuwa hawajajua kusoma. Herufi zilizoandikwa kwa mkono huru ziliamsha sehemu za ubongo zinazotumika katika kusoma kuliko zile zilizofuatishwa juu ya nukta au kubonyezwa kwenye mashine. Watoto hao walikuwa wachache, na jambo lililopimwa lilikuwa herufi wala si picha. Kwa hiyo haifai kudai kwamba kuchora peke yake hufundisha kusoma. Lakini funzo lililopo ni la maana: umbo ambalo mtoto amejitungia mwenyewe, hata likiwa limepinda, lina faida kuliko umbo zuri ambalo hakulitunga.

Ingestaajabisha iwapo jambo hili lingesahauliwa katika uwanda wa Makonde kuliko mahali pengine popote. Sifa ya wachongaji wa Kimakonde imeenea duniani kote, nao huchonga mpingo, mti ambao ugumu wake huchosha hata chuma. Wapo wanaodhani kwamba ustadi huo umo katika damu. Haumo. Msanii mashuhuri George Lilanga, aliyezaliwa mwaka 1934 na kufariki mwaka 2005, husimuliwa kuwa alianza kwa kuchonga mizizi ya muhogo kabla ya kukabidhiwa mti mgumu. Baadaye mkono huo huo ukashika brashi na kuchora picha zilizompatia sifa ng'ambo. Kitu laini kilitangulia kigumu. Wanawake nao walikuwa na shule yao ya vidole katika kufinyanga vyungu na kusuka mikeka.

Mwaka 1906 mtaalamu wa Kijerumani Karl Weule alikaa Newala kwa majuma kadhaa. Katika safari yake hiyo ya kusini aliwapa watu karatasi na penseli wachore wapendavyo, na baadhi ya michoro yao ikachapishwa katika kitabu chake cha mwaka 1908. Weule aliwatazama watu hao kwa jicho la utawala wa kikoloni; lakini michoro yenyewe yashuhudia kwamba mkono uliozoea kazi nyingine za ustadi haukushindwa na kalamu.

Walimu watajibu kwamba tangu ada ilipofutwa mwaka 2016 madarasa yamefurika, na karatasi hazitoshi. Ni kweli. Lakini mchoro hauhitaji karatasi. Mchanga uliofagiliwa chini ya mkorosho ni ukurasa usiokwisha, kijiti ni kalamu, na mkaa hupatikana katika kila jiko. Udongo wa kufinyanga huimarisha vidole kabla havijashika penseli. Robo saa kila asubuhi haitaharibu ratiba ya mwalimu yeyote. Wazazi nao husema samaki hukunjwa angali mbichi, na kwa hiyo hutaka herufi upesi. Methali hiyo haina kosa. Ila samaki mbichi hukunjwa, havunjwi. Mtoto anayechapwa kwa sababu ya kushika kalamu vibaya, au anayelazimishwa kuacha mkono wa kushoto alioumbwa nao, hujifunza kwanza kuiogopa kalamu.

Hasara ya haraka hiyo huonekana baadaye katika shule za sekondari. Mwanafunzi ambaye kuandika kwenyewe kunamchosha hubaki nyuma wakati wa imla, na huukwepa mchoro wa seli katika biolojia. Mara nyingi huitwa mzembe, na pengine hakuna aliyewahi kuuliza mkono wake ulilelewaje.

Basi hili si shauri la walimu wa awali peke yao. Klabu za sayansi katika shule za sekondari zinaweza kulichunguza: wanafunzi wawaombe wadogo zao nyumbani wachore mchangani duara, msalaba, mraba na pembetatu, kisha waandike umri wa kila mmoja na namna alivyoshika kijiti. Uchunguzi huo usitumike kumpa mtoto yeyote jina la mjinga. Utumike kuonyesha kwamba mkono hukua kwa hatua. Hapana budi ratiba ya darasa la awali iupe mchoro saa yake kila siku, na herufi zije juu ya msingi huo. Mtoto anayechora mbuzi wake mchangani asiambiwe aache mchezo. Aulizwe mbuzi huyo ana miguu mingapi, kisha aachwe amalize.