Kadi imeingia, mashine haiioni

Juzi nilinunua laptopu mpya. Tangazo lilisema SSD ya GB 256 na "nafasi ya kuongeza". Nikafurahi, maana sauti na picha za mahojiano zinajaza diski haraka kuliko mshahara unavyokwisha (na huo unakwisha haraka kweli). Nikaenda duka jingine, nikachukua kadi ya M.2 ya GB 512. Nyumbani nikafungua skrubu, kadi ikaingia sawia. Nikawasha. Mashine haiioni!

Kumbe M.2 ni umbo tu. Kuna kadi za SATA, zisizozidi MB 600 kwa sekunde, na za NVMe zinazotumia PCIe. Hizi hata za kizazi cha 3 hufika kama MB 3,500. Kadi ya SATA yenye mapengo mawili huingia vizuri kwenye tundu la NVMe, ila kama tundu halikuunganishwa na SATA, umechomeka bure.

Nikarudi dukani. "Kaka, ungeuliza," naambiwa. Niulize nini nisichokijua?

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Kwangu mimi, kuandika "nafasi ya kuongeza" bila kutaja aina ya tundu ni kupotosha. Mstari mmoja ungetosha: M.2, milimita 22 kwa 80, NVMe pekee. Wino wake shilingi ngapi?

Kadi bado iko mezani kwangu. Mwenye mashine inayokubali SATA anitafute, bei tutaelewana.